Dini au Mila? Tatizo la Istilahi katika Taaluma ya Dini Chuo Kikuu, kwa Mfano wa Ainabkoi na Uasin Gishu

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza maneno machache ambayo mwalimu wa dini za ulimwengu katika chuo kikuu cha Afrika Mashariki hawezi kuyakwepa, yaani dini, mila, imani, ibada na jamaa zake. Hoja yetu ni kwamba maneno haya hayaingii darasani yakiwa matupu. Yamekwisha kubeba hukumu. Tangu zamani yameamua nani ana dini na nani ana mila tu. Na uamuzi huo, kama tutakavyoona, haukuishia katika kamusi, bali uliingia katika sheria, mahakamani na katika hesabu ya watu. Kwa hiyo tatizo tunalolizungumzia ni la wanaisimu kama lilivyo la wanafalsafa na wanatheolojia, na pengine ni letu zaidi.

Mifano yetu mingi tumeichukua Ainabkoi na sehemu nyingine za Uasin Gishu. Ainabkoi ni eneo la nyanda za juu lililo kwenye njia ya reli ipandayo kutoka Nakuru kupitia Timboroa hadi Eldoret na kuendelea Uganda. Jina lenyewe ni la Kikalenjin: aina ni mto, ab ni kiunganishi cha umilikaji, na koi ni jiwe, yaani mto wa mawe. Jina la Eldoret nalo, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, limetokana na neno la Kimaasai lenye maana iyo hiyo, likaongezewa kiambishi tamati -t cha Kinandi. Basi mji na jirani yake wanaitwa jina moja kwa lugha mbili, na wapitao njiani hawajui. Katika mambo ya dini hali ni kinyume chake: twatumia neno moja kwa vitu vingi mbalimbali, na hatujui.

Mambo hayo mbalimbali yapo hapo hapo. Wamo Wakalenjin, ambao wazee wao walimwomba Asis kabla ya kusikia habari za makanisa. Wamo Wakikuyu, waliofika kwanza kama vibarua wa mashamba ya walowezi, na wengine baadaye kwa kununua ardhi baada ya uhuru, wakaja na Kanisa lao la Presbiteri. Makaburu waliofika mwaka 1908 wamekwisha kuondoka, lakini kanisa la mapokeo yao ya Reformed limebaki mikononi mwa Waafrika. Yapo makanisa ya African Inland na ya Kikatoliki, na mengi ya Kipentekoste yasiyohesabika kwa urahisi. Mjini Eldoret ipo misikiti, na zipo nyumba za ibada za Wahindu na Masingasinga. Mwanafunzi wa dini za ulimwengu aliye hapa hahitaji kusafiri mbali ili auone huo ulimwengu.

Na chuo kikuu kiko karibu. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1984 kufuatia mapendekezo ya tume iliyoongozwa na Colin Mackay mwaka 1981, kina makao yake Kesses, katika wilaya ndogo iliyo jirani na Ainabkoi. Kilianza na wanafunzi 83 wa elimu ya misitu waliohamishwa kutoka Nairobi. Huenda hakuna chuo kikuu kingine katika nchi zetu kilichoanza na miti kabla ya kufika kwa Mungu. Baadaye kilikuwa na Idara ya Falsafa, Dini na Theolojia, na pia Idara ya Kiswahili na Lugha Nyingine za Kiafrika. Tutarudi kwenye ujirani wa idara hizi mbili.

Elimu ya dini na taaluma ya dini

Mwanafunzi wa Kenya haingii chuo kikuu akiwa hajui dini. Amesoma dini shuleni, lakini amesoma moja. Katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 mtahiniwa alifanya mtihani wa Elimu ya Dini ya Kikristo, au ya Kiislamu, au ya Kihindu. Hata mtaala mpya unaochukua nafasi ya mfumo huo umeacha masomo haya yakiwa mbalimbali. Mafundisho kuhusu dini za jadi za Kiafrika yamo ndani ya somo la Kikristo, na humo yamewekwa kama urithi, yaani kama jambo la nyuma linalomtayarisha msomaji kwa yatakayofuata. Hatusemi kwamba waliotunga mtaala walikuwa na nia mbaya. Twasema tu kwamba mpangilio wa sura za kitabu nao ni hoja.

Kwa sababu hiyo maneno “elimu ya dini” katika Kiswahili cha Kenya yamekaza maana ya kufundishwa dini yako mwenyewe. Msomi anayetaka kuzungumzia uchunguzi wa dini zote, bila kujali yeye ni mfuasi wa ipi, hawezi kuyatumia bila kueleweka vibaya. Wengine husema “masomo ya dini”, wengine “taaluma ya dini”. Sisi tunapendelea la pili, kwani taaluma haidai kumtoa mtu akiwa mwumini, wala haidai kumwondolea imani yake.

Taaluma hiyo yenyewe si ya zamani sana katika vyuo vyetu. Makerere ilikuwa na idara yake katika miaka ya 1960, na huko ndiko John Mbiti alikofundisha kuanzia 1964 hadi 1974. Nairobi idara ya falsafa na taaluma ya dini ilianzishwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960, na profesa wake wa kwanza alikuwa Stephen Neill, askofu wa Kianglikana aliyekwisha kufanya kazi India. Huko Uingereza Ninian Smart alianzisha idara ya namna hiyo Lancaster mwaka 1967, na mtindo wake wa kuzichambua dini kwa kuzilinganisha ulienea mbali. Wakati huo huo Taasisi ya Kichungaji ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, iliyokuwa Gaba nchini Uganda, ilihamia Eldoret mwaka 1976, ikaja na machapisho yake. Hivyo Eldoret ilikuwa na wataalamu wa dini kabla ya kuwa na chuo kikuu.

Kazi yote hiyo ilifanywa kwa Kiingereza. Na hapa yafaa kukumbuka jambo moja la historia ya istilahi zetu. Katika miaka ya 1970 na 1980, wakati Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilipokuwa ikisanifu istilahi za sayansi na isimu, taaluma ya dini haikuwa na idara huko ya kuzidai. Fonimu na mofimu zilipata wenyeji wa kuzikaribisha. Ndiyo maana kamusi za isimu na za biolojia zilichapishwa mwaka 1990. Dini ilibaki na maneno yake ya msikitini na kanisani, mazuri kwa swala na kwa mahubiri, lakini hayakupimwa kwa kazi ya kulinganisha.

Maneno mawili ya Kiarabu

Tuyapime basi. Neno dini limetoka katika Kiarabu, na kila mtu anajua. Lakini neno mila nalo limetoka huko huko, na hili halisemwi mara nyingi. Katika Kiarabu milla haikuwa desturi ya kula na kuoa. Ilikuwa ni dini, au jumuiya ya watu wa dini fulani. Kurani yenyewe hulitumia neno hilo kwa njia ya Ibrahimu. Mwanachuoni al-Shahrastani, aliyefariki mwaka 1153, alipoandika kitabu chake mashuhuri kuhusu dini na madhehebu ya watu mbalimbali, alikiita kwa wingi wa neno hilo, al-Milal. Kitabu hicho kiliwaeleza Waislamu na makundi yao, Mayahudi, Wakristo, wafuasi wa dini za Uajemi, wanafalsafa na watu wa India. Kwa maneno mengine, miaka mia saba kabla ya Ulaya kuanzisha viti vya uprofesa wa dini, uchunguzi wa dini za ulimwengu uliitwa, tukitafsiri neno kwa neno, uchunguzi wa mila.

Maneno mawili ya nasaba moja yalipofika pwani yetu, Waswahili waliyagawia kazi. Dini ilichukuliwa na kile kilicho na Mtume, Kitabu na msikiti. Baadaye Wakristo nao wakaingia katika neno hilo, kwani walikuwa na kitabu na nyumba ya ibada. Mila ilishushwa ikawa ya nyumbani: ndoa, jando, matanga, mambo ya wazee. Mgawanyo huu haukutoka Uarabuni. Ulifanywa na jamii ya pwani iliyotaka kujitofautisha na watu wa bara, ambao iliwaona kuwa wana mila bila dini. Lugha ilipopanda bara pamoja na misafara, na baadaye pamoja na reli na shule, mgawanyo ulipanda nayo. Mzee wa Ainabkoi akiulizwa leo kwa Kiswahili kuhusu dini yake, atataja kanisa. Akiulizwa kuhusu mila, ataeleza maombi, viapo, baraka na laana. Mtafiti asiyejua historia ya maneno haya ataandika kwamba mzee ana dini moja na desturi nyingi. Hakudanganywa na mzee; amedanganywa na swali lake mwenyewe.

Kuna jambo lingine la sarufi ambalo ni dogo kwa umbo lakini si kwa uzito. Mbiti alikiita kitabu chake cha mwaka 1969 African Religions and Philosophy, akitumia wingi. Cha mwaka 1975 alikiita Introduction to African Religion, kwa umoja. Wasomi wamebishana sana juu ya jambo hili: je, Waafrika wana dini moja yenye sura nyingi, au dini nyingi zinazofanana? Katika Kiingereza ubishi wote umo katika herufi moja mwishoni mwa neno. Katika Kiswahili nomino haibadiliki, kwani ni ya ngeli ya N. Ubishi umo katika upatanisho, dini ya Kiafrika au dini za Kiafrika. Mwandishi mvivu anaweza kukimbilia mahali ambapo upatanisho hauonekani, mathalan “mafundisho kuhusu dini Afrika”, na asijulikane yuko upande gani. Tumeona tasnifu zilizoandikwa hivyo. Ni wepesi wa lugha unaompa mwanachuo nafasi ya kutofikiri.

Neno udini limekwisha kupotea kwetu kwa njia nyingine. Kwa kanuni za uundaji wa maneno lingeweza kuwa jina la hali ya kuwa na dini, kama utu na mtu. Lakini siasa, hasa za Tanzania, zimelichukua na kuliweka kando ya ukabila, likawa jina la ubaguzi. Sasa halikomboleki. Anayetaka kueleza hali ya mtu kushika dini hana budi kutumia ucha Mungu, ambao unamtaja Mungu, au kutunga kifungu kirefu. Tukiongeza upagani, ukafiri na ushirikina, tunaona kwamba maneno yote tuliyonayo ya kuelezea imani zisizo za vitabu ni ya wale wasiozishika.

Asis, orkoiyot na sheria

A. C. Hollis alipochapisha kitabu chake juu ya Wanandi mwaka 1909, alieleza kwamba mungu wao ni Asis, au Asista, yaani jua. Tangu hapo imekuwa kawaida kuandika kuwa Wakalenjin waliabudu jua. Watafiti waliofuata, wakiwamo Wakalenjin wenyewe, walipinga: jua ni alama ya Asis, au jicho lake, si yeye. Walimtaja pia kwa jina la Cheptalel. Hatuwezi kumaliza ubishi huo hapa, ila twapenda kuonyesha kwamba chanzo chake kimoja ni cha kiisimu. Nomino za Kikalenjin zina maumbo mawili, moja lisilo bainifu na jingine lililobainishwa kwa kiambishi tamati. Asis na asista ni neno moja katika maumbo hayo mawili. Kiswahili hakina maumbo hayo, na Kiingereza huyatenga kwa neno la pembeni. Anayetafsiri analazimika kuchagua: Mungu au jua. Akisha kuchagua, amekwisha kutoa fundisho la theolojia. Wachaga wa Kilimanjaro wamepata taabu iyo hiyo na neno lao Ruwa.

Ni vyema pia kutazama neno kapkoros, mahali pa maombi ya pamoja na sadaka. Kiambishi kap- ni cha mahali au makao, nacho ndicho kilichomo katika Kapsoya na Kaptagat, sehemu za Ainabkoi zinazojulikana na kila mwenyeji. Sarufi ya Kikalenjin haikutenga mahali patakatifu na mahali pengine. Yote ni kap-. Mfasiri akiandika “hekalu” ameleta kuta na paa. Akiandika “madhabahu” ameleta Agano la Kale. “Mahali pa maombi” ni maneno ya kawaida sana, na ndiyo yaliyo karibu zaidi na ukweli.

Lakini hakuna neno lililoleta hasara kubwa kama orkoiyot. Orkoiyot wa Wanandi alitabiri, alibariki vita, alishauri wazee wa rika na aliogopwa. Maafisa wa Kiingereza walimwita mchawi, au mganga, au kwa neno walilolikuta Umaasaini, laibon. Koitalel arap Samoei aliuawa na Richard Meinertzhagen mwezi wa Oktoba 1905, alipokwenda kwenye kile alichoambiwa ni mazungumzo ya amani. Mwaka 1923, Wanandi walipojiandaa kwa sherehe kubwa ya kukabidhiana madaraka baina ya marika, serikali iliipiga marufuku na kumkamata Barsirian arap Manyei. Hakuachwa huru kabisa hadi 1964. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwaondoa walaibon, na kwa sheria hiyo mamia ya watu wa ukoo wa Talai wa Wakipsigis walihamishiwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, wanawake na watoto pamoja nao. Tazama jinsi lugha ilivyotumika: sheria ya Kiingereza, kwa neno la Kimaasai, iliwahukumu Wakipsigis. Na kwa kuwa jambo lao liliwekwa katika kundi la uchawi, hapakuwa na haja ya kuuliza kama waliohamishwa walikuwa na haki ya kuabudu. Mtu aliye na dini hunyimwa uhuru wa dini. Aliye na uchawi huadhibiwa tu.

Twaweza kudhani kwamba neno dini lingewaokoa. Kisa cha Elijah Masinde chaonyesha vingine. Masinde, Mbukusu wa Kimilili, aliita harakati yake Dini ya Msambwa. Msambwa katika Kibukusu ni mizimu ya wahenga. Yeye alifanya kile ambacho wataalamu walichelewa kukifanya: alilichukua neno la heshima la Kiswahili akaliunga, kwa kiunganishi -a, na neno la wazee wake. Serikali ilimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ikaipiga marufuku dini yake mwaka 1948 na kumfungia Lamu. Tarehe 24 Aprili 1950, huko Kolloa, wafuasi Wapokot walioongozwa na Lukas Pkiech walipambana na askari, wakafa watu zaidi ya 30. Serikali ya Kenya huru nayo iliipiga marufuku tena mwaka 1968. Na neno dini? Maafisa wa kikoloni waliliingiza katika Kiingereza chao, likawa katika taarifa zao jina la vikundi vya kutiliwa shaka. Neno lilelile ambalo Mswahili alimnyima mtu wa bara kwa sababu hakustahili, Mwingereza alimpa kwa sababu alimshuku.

Tafsiri ya maneno ya dini ina hatari zake hata pale ambapo hakuna askari. Okot p’Bitek alisimulia jinsi mapadri wa Kitaliano walivyowauliza wazee wa Kiacholi, mwaka 1911, ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na kitenzi cha kuumba kwa maana ya mapadri, hivyo swali lilifika kama “ni nani aliyewafinyanga?” Wazee wakajibu kuwa mtu hupindwa mgongo na Rubanga, pepo wa ugonjwa wa uti wa mgongo. Mapadri wakaandika jina hilo, na Wakatoliki wa Kiacholi wakafundishwa kumwita Mungu Muumba kwa jina hilo. Okot alilikasirikia sana jambo hili, na kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya wasomi wa Magharibi na dini za Kiafrika kimejaa hasira hiyo. Alimlaumu hata Mbiti kwa kuivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki. Twaona alimwonea Mbiti kidogo, lakini hakukosea kuhusu swali la mapadri.

Kuanza na vitenzi

Pendekezo letu ni jepesi kulieleza, ingawa si jepesi kulitekeleza. Katika kufundisha na kutafiti dini kwa Kiswahili, tuanze na vitenzi kabla ya nomino. Kuomba, kusali, kuabudu, kutambika, kuapa, kuapiza, kubariki, kulaani, kutabana, kufunga, kuchinja, kuzindika. Nomino dini humlazimisha mtafiti aulize, “Unayo au huna?” Kitenzi humwuliza mtu anafanya nini, anamfanyia nani, wakati gani, na asipofanya itakuwaje. Tena lugha zetu za Kibantu zina utajiri wa minyambuliko unaofaa sana kazi hii. Kuomba, kuombea, kuombeana, kuombwa, kuombewa: katika maumbo hayo matano tu yamekwisha kuonekana mahusiano ya mwombaji, mwombwaji, mwombewa na jumuiya nzima.

Katika Kikalenjin vitenzi hufichua jambo ambalo Kiswahili hulificha. Sisi tuna kuomba kumoja kwa Mungu na kwa jirani mwenye sukari. Kikalenjin kina mzizi -sa- kwa maombi ya ibada, na mzizi -som- kwa kumwomba mtu kitu. Huu wa pili husikika pia kanisani, lakini asili yake si hapo. Mtafiti wa Ainabkoi akisikiliza ni wapi mzizi mmoja unatumika na ni wapi mwingine, atajifunza mengi juu ya mpaka wa ibada na mambo ya kawaida, bila kulitaja neno dini hata mara moja.

Pingamizi zipo. Wengine watasema kuwa Uislamu na Ukristo hauelezwi kwa matendo pekee, kwani ni imani zenye mafundisho na vitabu. Ni kweli. Lakini hata humo kitenzi kinatusaidia: kushahadia, kukiri, kusilimu, kuokoka ni vitenzi, na kila kimoja kina sarufi yake. Mtu husilimu, au husilimishwa. Huokoka, lakini hajiokoi. Pingamizi kubwa zaidi ni la mitihani. Mtihani wa chuo kikuu hupenda nomino zinazoweza kuorodheshwa, na orodha ya “dini kuu za ulimwengu” imekwisha kukaa katika silabasi kama orodha ya mito. Tomoko Masuzawa ameonyesha, katika kitabu cha mwaka 2005, jinsi orodha hiyo ilivyoundwa Ulaya katika karne ya 19, na jinsi ilivyochanganyika na hesabu za lugha na mbari. Wanaisimu hatuna budi kuisoma hoja hiyo kwa unyenyekevu, kwani sayansi yetu ndiyo iliyotoa vipimo.

Kwa nini twaliona jambo hili kuwa la haraka? Kwanza, kwa sababu ya mahakama. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa msitu wa Mau kwa kuwafukuza humo, na mojawapo ya haki hizo ilikuwa uhuru wa dini. Waogiek ni jirani na ndugu wa Wakalenjin kwa lugha. Upande wa serikali ulidai kuwa wamekwisha kuiacha dini yao kwa kuingia Ukristo. Majaji walikataa: si wote walioingia, na kuingia Ukristo hakuthibitishi kwamba mtu ameyaacha yote ya kwao. Hapo hoja iliyoanza kama mjadala wa semina, yaani kama mtu aweza kuwa na mbili, iligeuka hoja ya ardhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda dini katika kifungu cha 32, na utamaduni katika vifungu vya 11 na 44. Jambo moja likiitwa dini litatetewa kwa kifungu kimoja. Likiitwa mila, kwa kingine, na nguvu zake si sawa.

Pili, kwa sababu ya wanafunzi wenyewe. Tarehe 2 Aprili 2015 washambuliaji wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Waliwatenga Wakristo na Waislamu kabla ya kuua. Wanafunzi mamia walionusurika walihamishiwa Kesses kuendelea na masomo. Hatudai kwamba kozi ya dini za ulimwengu ingezuia risasi. Twasema kwamba mwalimu aliyesimama mbele ya vijana hao na kuwauliza wajaze dini yao katika fomu alikuwa akitumia neno ambalo walikuwa wamelisikia kwa sauti nyingine.

Kazi iliyo mbele yetu ni ya idara mbili. Idara ya Falsafa, Dini na Theolojia inayo nadharia na maktaba. Idara ya lugha inao wanafunzi wanaozungumza Kinandi, Kikeiyo, Kikuyu na Kibukusu. Ingefaa kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu akusanye, katika kijiji kimoja cha Ainabkoi au cha kwao, vitenzi 50 vya ibada pamoja na sentensi ambamo vilisemwa, nani alisema na mahali gani. Mkusanyiko huo ungekuwa msingi bora wa istilahi kuliko tafsiri za kamusi za Kiingereza.

Nomino moja, hata hivyo, tutaihitaji, nasi hatunayo. Mkristo, Mwislamu, Mhindu, Mbudha: kila mmoja ana jina lake katika ngeli ya watu. Anayemwomba Asis, au anayeshika njia za wahenga wake, hana. Katika sensa ya mwaka 2019 watu 318,727 nchini Kenya, kiasi cha asilimia 0.7, waliwekwa katika fungu la wafuasi wa dini za jadi. Kwa Kiswahili watu hawa ni “wafuasi wa”, maneno mawili na kiunganishi, na mtu akichoka kuyasema husema “wapagani”. Baadhi ya waandishi wamejaribu “wanajadi” na “wanamila”. La kwanza halisemi kitu juu ya ibada. La pili lingetufaa, iwapo tutakubali kulirudishia neno mila maana aliyoijua al-Shahrastani, na iwapo wenyewe wataridhika kuitwa hivyo. Na hili la mwisho hakuna aliyekwenda kuwauliza.